Jinsi ya Kutembea Ufukweni Kipupwe Ukiwa Ihumwa

Wewe uliyehamishiwa Mtumba, mji wa Serikali Dodoma, na bado unaililia Coco Beach ya Dar es Salaam, ngoja Julai. Kipupwe kikishika, alfajiri ya Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na upepo wa kusini-mashariki hupita uwandani bila kuomba ruhusa ya mtu. Hiyo ndiyo saa ya kwenda ufukweni.

Kwanza, tafuta bahari. Ukiwa Ihumwa, uliza njia ya Hombolo, pita mashamba ya mtama na zabibu hadi bwawa lililojengwa mwaka 1957. Asikucheke mtu. Maji yake yana chumvi, tena yakifurika hufuata Kinyasungwe, yakaingia Wami, yakaishia Bahari ya Hindi kule Saadani. Bahari unayoitamani ina ndugu yake hapa, na ndugu haachwi bila kutembelewa.

Barafu usiidai. Nchini kwetu iko Kilimanjaro, nako inazidi kupungua. Baridi ya Hombolo inatosha kukuumiza masikio, kwa hiyo vaa sweta mbili na kofia ya sufu. Midomo ipake mafuta ya mgando kabla hujatoka nyumbani, kwa kuwa upepo huu ni mkavu na huipasua hata ukiwa umefunga mdomo. Ndala ziache mlangoni: mbigiri wa Ugogo hutoboa soli, seuze unyayo. Vaa viatu vizito na utembee upepo ukiwa mgongoni wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi utakupiga usoni, ila jua litakuwa limepanda.

Wavuvi wasalimie kwa heshima. "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, itakufungulia mazungumzo kuliko suti yoyote ya wizarani. Waulize pa kukanyaga na pa kuepuka, kisha nunua perege wao bila kubishania bei.

Sasa tazama tope kando ya maji. Huo ni udongo wa mashamba ya juu, unaosombwa na mvua kila masika na kulijaza bwawa. Kina kinapungua mwaka hadi mwaka. Ili kulinda maji kama haya, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi yake, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa bwawa au mto. Ukiuziwa kiwanja au shamba karibu na maji, pima hizo mita kwanza, na zikipungua, usinunue.