Theluji Fifi

Baba mkwe aliingia sebuleni, akavua kofia, akaitikia shikamoo za wajukuu bila kuwatazama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti wangu wa Krismasi. Akanyofoa kipande cha theluji. Akakivuta taratibu kwa vidole vya mikono miwili, akakiinua dirishani kwenye mwanga, akakinusa. Kisha akatamka, mbele ya mama mkwe, mawifi zangu wote na mwinjilisti aliyekuja kula pilau:

"Hii ni fifi."

Walicheka mpaka mwinjilisti akaweka sahani chini. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa, na mkwe hajibiwi. Nilinawisha watu mikono nikitabasamu. Ndiyo maana naandika: karatasi haina ukwe.

Kwa asiyelima, pamba ikifika kituo cha kununulia hutengwa makundi mawili. Iliyo nyeupe, kavu na isiyo na takataka ni pamba safi. Yenye madoa, majani au unyevu ni pamba fifi, na bei yake mtu huisikia akiwa amekaa chini. Hapa Bugwema mtoto huijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma saa. Kwa hiyo neno lile halikuhitaji ufafanuzi. Mzee alikuwa ameipanga Krismasi yangu daraja la pili, na mashahidi walikuwepo.

Mtu anaweza kuuliza theluji inatafuta nini Bugwema. Tuko pungufu ya nyuzi mbili kusini mwa Ikweta, joto la Ziwa Victoria linatufikia, na Desemba watu wamo shambani wanapanda na kupalilia. Lakini kadi zote za Krismasi zina theluji, na wanangu walitaka ya kwenye kadi. Nami nilitaka familia iwe na mila yake: kila mwaka tukae chini, tukate, tugundishe, tupambe kwa mikono yetu. Isitoshe, nchi hii theluji inayo, iko Kilimanjaro, na hata hiyo ilikataliwa. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona mwaka 1848 kwa macho yake mawili. Bwana mmoja wa London aliyejua jiografia ya vitabuni, William Cooley, akabisha kwamba theluji karibu na Ikweta haiwezekani. Rebmann alikuwa na nafuu, maana mkaguzi wake alikuwa mbali na hajauona mlima. Wa kwangu alikuwa amekaa kwenye kochi langu, na pamba anaijua kuliko majina ya wajukuu.

Malighafi ilikuwa kiroba cha pamba iliyobaki tangu msimu wa kuuza. Kazi ya kwanza ilikuwa kuichambua, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu mashine. Pamba itokayo shambani, ile wanayoiita pamba mbegu, kwa uzito wake ni mbegu zaidi kuliko pamba: ukipeleka kilo tatu kiwandani, nyuzi utakazopata ni kilo moja hivi. Na mbegu haikung'utwi ikatoka. Kila unywele wa pamba ni seli moja tu, iliyoota kwenye ganda la mbegu ikarefuka mpaka kufikia sentimita tatu hivi. Seli moja unayoweza kuishika kwa vidole! Mbegu moja ina maelfu ya hizo, kila moja imeshikilia mahali pake, na wewe unataka kuzing'oa kwa kucha. Mwaka 1793 Mmarekani Eli Whitney aliunda mashine yenye meno yanayovuta nyuzi kupitia matundu membamba kuliko mbegu. Kwa mikono mitupu, mtu mmoja alishinda akichambua na jioni akapata nusu kilo. Wanangu hawakufika huko. Walipata konzi moja ya nyuzi na ugomvi mmoja mkubwa, kila mmoja akidai konzi ile ni yake.

Ndipo binti yangu mdogo akaitazama kazi yetu na kuuliza, "Mama, theluji imejikojolea?"

Rangi ya njano ile ni kazi ya kangambili, mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi ambaye kila mkulima wa huku amemlaani kwa jina. Hali nyuzi. Anachotaka ni mbegu, na anaifuata kitumba kikiwa bado kibichi: anakitoboa kwa mdomo wake mrefu, anafyonza, na mdomo ule unaingiza kuvu ndani. Kuvu inazitia nyuzi madoa kabla kitumba hakijafunguka. Kwa hiyo fifi hutengenezwa gizani, wakati mwenye shamba bado anawaonyesha wageni jinsi pamba ilivyostawi.

Nikasema basi tuifue. Nikaitia kwenye beseni la maji ya sabuni na bluu ya nguo. Ikaelea. Nikaizamisha kwa kiganja, ikaibuka kavu. Pamba mbichi ina nta yake ya asili inayokataa maji, ndiyo maana ile ya duka la dawa, inayokunywa damu na spiriti papo hapo, huchemshwa kwanza na magadi makali ya kiwandani mpaka nta yote iishe, halafu ikapaushwa. Sisi tulikuwa na magadi ya makande. Nikachukua sufuria kubwa ya pilau, nikachemsha. Nta ilianza kutoka, na rangi ya maganda ya mbegu tulizoshindwa kuzing'oa ikatoka nayo. Theluji ikawa chai ya maziwa. Ile tuliyoichemsha tukaitundika upande wa ukutani, na ile ambayo haikuchemshwa, ambayo kwa kulinganisha sasa iling'aa, tukaiweka mbele. Ndiyo iliyokaguliwa.

Mapambo mengine hayana historia ndefu. Minyororo ya karatasi tuliigundisha kwa uji wa unga wa muhogo, na mbuzi aliimaliza usiku mmoja pamoja na ukurasa wa daftari la kikoba. Baluni zilipasuka zenyewe kwa joto la bati. Nyota ya mabati ya kopo ilimkata mume wangu kidole, naye akaitumia kama sababu ya kutosaidia tena.

Lakini fifi imenikaa kooni, na si kwa ajili ya mti. Pamba ile ilikuwa kwenye kiroba kwa sababu ilirudishwa. Niliibeba mimi mpaka kituoni, nikapanga foleni, karani akaingiza mkono, akatazama muda wa kupiga chafya, akasema neno lile lile. Hakuna kipimo alichotumia zaidi ya jicho, na jicho la karani halina rufaa. Nilikataa bei ya fifi, nikarudi nayo. Dawa ya kumzuia kangambili ilitufikia vitumba vimeshapasuka, na deni la dawa hiyo lilikatwa kwenye pamba yangu safi bila kuchelewa hata siku moja. Nyuzi zetu nyingi zinapanda meli kwenda kusokotwa nchi za watu. Nami Desemba nikienda Musoma mjini naikuta pamba nyeupe pepe dukani, imeviringishwa kwenye karatasi nzuri, inauzwa kwa gramu. Ningeinunua hiyo, baba mkwe angekaa kimya. Mkulima wa pamba anunue pamba ili mti wake usichekwe! Mwenye kuona hilo ni jambo la kawaida aje anieleze, nitamkaribisha kwa pilau ya sufuria ile ile.

Mila nayo imepatikana, ila siyo niliyoipanga. Tarehe 26 asubuhi niliwakuta watoto chini ya mti wamefungua kituo. Mizani ni kijiti, uzi na vifuniko viwili vya ndoo. Pesa ni vizibo vya soda. Mkubwa ndiye karani, kalamu yangu sikioni. Walikuwa wameshavua mapambo ya upande wa mbele na kuyatenga mafungu mawili kwenye mkeka, na babu yao ameketi kwenye kigoda akiwapongeza: kazi ya mikono ndiyo hii sasa, kila Krismasi iwepo. Nilipoleta theluji ya upande wa ukutani wakaipima, wakakata unyevu, wakakata deni la dawa, wakaandika kiasi kilichobaki kwenye daftari.

"Malipo?" nikauliza.

"Njoo Jumatatu, pesa haijafika."

Jumatatu imepita. Karani yuko malishoni na mbuzi, daftari ameondoka nalo.