Sifa za Jamu ya Jogoo Road

Uingereza kuna mifereji iliyochimbwa kwa sururu na koleo katika karne ya 18, ya kupitishia makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Siku hizi makaa hayapiti tena. Kiangazi kikiingia, mzee na mkewe hukodi mashua nyembamba, upana wake mita 2 na kitu, urefu hata mita 21, wakaingia na birika lao la chai na kuanza safari isiyokuwa na haraka ya kufika popote. Mwendo wa juu kabisa ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na ushei, ili mawimbi yasibomoe kingo. Bata huwapita. Anayetembeza mbwa ukingoni huwapita. Kwa starehe hiyo hulipa pauni 1,000 na zaidi kwa wiki moja, kisha wakarudi nyumbani wakisema wamepumzika kweli.

Sisi wa mtaa wa Makongeni, Nairobi, tunaipata starehe hiyo hiyo Jogoo Road, kila asubuhi ya kazi, kwa shilingi hamsini. Na shukrani zetu ni zipi? Honi, na maneno yasiyoandikika.

Kosa letu ni kuihesabu jamu kuwa usafiri. Kutoka Makongeni hadi katikati ya jiji ni kilomita 4 hivi. Shirika la reli lilipowajengea wafanyakazi wake nyumba hapa halikuwa likiwatafutia mandhari. Lilitaka watu wawe karibu na kazi, wafike kwa miguu. Hadi leo, kabla jua halijapanda, utawaona wanaume kwa wanawake wakivuka reli kuingia Industrial Area, viatu vya ofisini vikiwa mkobani na vya vumbi vikiwa miguuni. Hao ndio wasafiri, maana wana mahali pa kufika. Abiria wa Kayole naye ana udhuru, kwao ni mbali. Lakini mtu wa Makongeni anayesimama steji saa moja asubuhi akaipungia matatu mkono, huyo ameshaamua moyoni mwake kwamba haendi kazini. Anatalii.

Na utalii wenyewe una mapokezi yake. Matatu hufika Makongeni imeshajaa tangu Umoja au Buruburu. Makanga ananing'inia mlangoni, vidole viwili juu: "Wawili wa haraka! Wawili wa haraka!" Ukiingia unakuta wale wawili walishapandia Maringo. Hakuna neno. "Mzee, songea mathe kidogo. Dada, kaa skwea, twende." Basi mnakaa skwea, magoti yako yakiwa mgongoni mwa mtu usiyemjua, na ndoo ya mandazi ya mama anayekwenda kuuza Muthurwa ikiwa imetua mapajani pako bila kuombwa ruhusa. Gari linanguruma, linasonga mita kumi, linasimama.

Hapo ndipo mandhari yanapofunguka. Mkono wa kushoto ni Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, na nyumba zake za mawe zilizokaa kwa nafasi kana kwamba jiji lina ardhi ya kuchezea. Anayepita kwa kasi haoni kitu hapo. Sisi tunajua ni dirisha gani lina pazia jipya na ni lipi limezibwa kwa katoni. Kuna mahindi mtu aliyapanda kando ya barabara. Gari zima tuliyapalilia kwa macho, na yalipobeba tukabishana, abiria wa mbele na wa nyuma, kama yameiva ya kuchoma au bado ya githeri. Tulipoafikiana, yalikuwa yameshavunwa.

Waingereza hujivunia sana malango yao ya maji. Mashua huingia kwenye kisanduku cha mawe, lango la nyuma hufungwa, mtu huzungusha mkono wa chuma kufungulia maji, na mashua hupanda taratibu hadi kiwango cha mbele, ndipo lango la pili lifunguliwe. Huko Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, kuna malango 29 katika maili 2, na kuyapita yote huchukua saa tano au sita. Watu husafiri kutoka mbali wakapate taabu hiyo. Sisi tuna lango moja tu, mzunguko wa City Stadium, kando ya uwanja uliopewa jina la marehemu Joe Kadenge, mshambuliaji ambaye mabeki walishindwa kumzuia. Mlinda lango wetu ni afisa wa trafiki. Taa huwaka nyekundu, kijani, nyekundu tena, na hakuna anayezitazama. Sote tunatazama mkono wake. Akiwa na simu sikioni, tunajua bado tupo. Akiiweka mfukoni, dereva anatia gia, makanga anapiga bodi makofi mawili, na Landhies Road inatupokea, pale ambapo mikokoteni ya kabeji hutupita upande wa ndani, wenyewe wakiimba, bila hata kutugeukia.

Mwaka 2003 waziri John Michuki aliamuru matatu zifungwe vidhibiti mwendo, zisivuke kilomita 80 kwa saa. Sheria njema, iliokoa maisha, na naiheshimu. Ila Jogoo Road ya asubuhi haikuihitaji. Jamu ilikuwa imeshaweka kiwango chake zamani, kinafuatwa na wote, tena haipokei kitu kidogo.

Wenye haraka nao walitengewa njia yao. Nairobi Expressway ilifunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na wanaopita juu yake hulipa ada. Yaani Mwingereza analipa ili apunguziwe mwendo, tajiri wa Nairobi analipa ili aongezewe. Nawahurumia wa juu zaidi. Wanafika wapi wakiwa na njaa namna ile? Huko juu hakuna muuza mayai. Huku chini, kijana anakimbia sambamba na dirisha lako, anamenya yai kwa ukucha wa kidole gumba, analipasua, analijaza kachumbari, anauliza "pilipili, boss?", anapokea M-Pesa, anasubiri ujumbe uingie kwenye simu yake, na gari bado halijamwacha. Nyuma yake wanakuja maji, njugu, chaja za simu, leso za kichwa na dawa ya mende. Kuna mhubiri anayepanda Makongeni akitoka Mwanzo na kushukia Muthurwa akiwa Ufunuo, sadaka ikiwa imeshapita mara mbili.

Na Waingereza wana huo msimu mmoja wa kiangazi tu, Juni hadi Agosti. Miezi hiyo hiyo kwetu ni baridi ile ya kutia watu makoti mawili, na ndipo jamu inapodhihirisha upole wake: madirisha yamefungwa, vioo vimetoka jasho, watu wamebanana, joto la bure hadi mjini.

Niseme ukweli kuhusu historia ya mashua zile, maana inatuhusu. Zamani hazikuwa za starehe. Familia nzima za wachukuzi ziliishi kwenye kijichumba cha nyuma, baba, mama na watoto, na farasi akivuta kamba ukingoni. Hakuna aliyeita maisha hayo mapumziko. Kisha reli ikaja ikawanyang'anya mizigo, na mifereji ikaanza kuota majani. Mwaka 1944 mwandishi L.T.C. Rolt alichapisha kitabu, Narrow Boat, kuhusu safari yake ndani ya mashua iitwayo Cressy, na miaka miwili baadaye ikaundwa jumuiya ya kuitetea mifereji isifukiwe. Kazi iliyowavunja watu migongo ikawa likizo ya wajukuu wa watu wengine. Jamu yetu bado haijapata Rolt wake. Nami najitolea, mradi nipewe kiti cha dirishani.

Adui yetu ni yule yule, reli. Treni ya abiria hupita nyuma ya mtaa, kwenye ule mstari ambao babu zetu waliuhudumia, na kabla hujamaliza kuuliza nauli imeshafika stesheni ya jiji. Ni ukatili tu. Bahati nzuri treni haiji mara nyingi, na ikija imejaa.

Kuna wanaodai kwamba jamu inatuibia. Wanataja mwajiri anayemkata nusu siku aliyefika saa tatu, na yule wa kibarua cha mkono anayekuta lango la kiwanda limefungwa na wenzake watano wakiwa wameshachukuliwa. Nimewahi kurudi na watu wa namna hiyo, saa nne asubuhi, barabara ikiwa nyeupe, gari likipaa kwa dakika kumi tu hadi nyumbani. Walikuwa wametulia sana. Ukiongeza hiyo nusu siku juu ya nauli, kwa mwezi, halafu kwa mwaka, utaona bei yetu nayo imeanza kufanana na ya wenye mashua, kwa hiyo hakuna sababu ya kujidharau.

Mgeni anayetaka kuonja asije Jumapili, barabara huwa tupu na inasikitisha. Aje Jumatatu, ikiwezekana mwisho wa mwezi, na awe na noti ndogo, kwa sababu chenji ya mia mbili hurudi mkishafika. Nauli ni hamsini asubuhi. Mvua ikinyesha jioni ni mia, na ukichoka Landhies ukaamua kushuka umalizie kwa miguu, mlango utafunguliwa bila swali, ila makanga harudishi hela.