Nyuzi Nne Kwenye Sufuria ya Mama

Msimu uliopita wa korosho majirani zetu hapa Masasi walinunua mabati, pikipiki na majokofu. Sisi tulinunua gita la besi.

Niseme mapema kwamba mikorosho yenyewe ni ya upande wangu. Iko Newala, juu mlimani, na kwetu Wamakonde shamba hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mume aliyeoa kwetu anakula korosho za watu. Mama alishasema: malipo ya mnada yakiingia, ezekeni nyumba. Desemba yakaingia. Baba watoto akaenda benki na orodha ya mabati mfukoni, akarudi anapiga mluzi, akasema mzigo unakuja na basi kutoka Dar. Nikajua hapo hapo. Mabati hayaji na basi la abiria yakiwa yamefungwa blanketi.

Mume wangu ni mpiga besi wa kwaya, na miaka yote alikuwa anaazima chombo. Ujana wake umeishia kwa bendi za Msondo Ngoma na Mlimani Park. Ukimweka mbele ya redio hasikii mwimbaji analalamikia nini. Anasikia besi tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kwenye dansi letu mpiga besi mzuri anajulikana kwa pale anapoacha. Anatoa noti mbili tatu, ananyamaza, anapisha ngoma, halafu anarudi. Mpaka chemko lifike, pale wimbo unaposhika kasi, ndipo anaruhusiwa kukimbia. Hiyo kanuni ya kunyamaza angeileta na nyumbani ningeshukuru.

Sasa, gita lilikuja peke yake. Spika hakuna. Na besi ya umeme bila spika haina sauti: gita la kawaida lina tumbo lenye tundu la kukuza mlio, hili ni gogo zima lenye waya juu yake. Siku ya kwanza akatafuta mahali pa kupata sauti, akapapata kwenye kabati langu la vyombo. Ukiegemeza pembe ya gita kwenye mbao kubwa, mbao inaimba badala yake, na kabati lile lina mbao kubwa. Lina pia bilauri, sahani za wageni na vifuniko vya vioo. Noti nyingine zilipita salama, lakini akigusa uzi wa A, vifuniko vyote vinaanza kutetemeka na kulia pamoja. Kila kitu kina mtikisiko wake kinaoupenda, akaniambia, na vifuniko vyako vinapenda mara 55 kwa sekunde. Nikamwambia mimi napenda vifuniko vizima.

Akahamia kwenye sabufa.

Nadhani kila nyumba ya Tanzania ina sabufa sebuleni, na kwenye boksi lake zimeandikwa wati za kutosha kuendesha mashine ya kusaga. Uongo mtupu. Uzi mnene wa besi, ukipigwa wazi, unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na ili sauti nzito kiasi hicho itoke, karatasi ya spika lazima isukume hewa nyingi, iende mbele na nyuma safari ndefu. Muziki ulioandaliwa studio umeshabanwa makali yake. Kidole cha mtu kwenye uzi hakijabanwa. Kile kishindo cha kwanza kinafika ghafla na kwa nguvu zote. Tulikuwa tunaangalia tamthilia. Baba watoto akachomeka waya, akafungua sauti, akapiga. Sabufa ikakohoa, karatasi ikajitokeza, ikarudi, ikabaki inakwaruza, na sebule ikajaa harufu ya koili iliyoungua. Fundi wa sokoni alipoifungua aliniuliza kwa upole, "Mama, hii mliipiga na nini?" Sikuwa na neno la heshima la kumjibu.

Ikaja amplifaya ya mitumba, na amplifaya ikaja na mngurumo wake. Ukiwasha tu, *mmmmm*. Mtoto wetu wa pili ndiye aliyegundua: baba akishika nyuzi, inanyamaza, akiziachia, inaanza tena. Mimi nilishafikiria mambo mengine, maana Masasi hatukosi wa kutuambia, lakini sababu ilikuwa ukutani. Nyumba yetu haikuwa na ethi. Umeme wetu hapa nchini unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, pikapu za besi zinaunasa hewani, na mwili wa mpigaji nao unausaidia kuingia. Akigusa nyuzi zilizounganishwa na chasisi ya amplifaya, mwili unaacha kuusambaza. Kichekesho ni kwamba G ya chini ya besi ni mizunguko 49. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inaimba G iliyopanda kidogo, na baba watoto, mwenye sikio lake, alikuwa anateseka si kwa kelele bali kwa kuwa kelele haijatyuniwa.

Fundi umeme akaja, akapigilia fimbo ya ethi nyuma ya nyumba, akavuta waya. Mngurumo ukapungua sana, na jokofu letu, ambalo tulikuwa tunalifungua kwa kitambaa, likaacha kutupiga shoti. Hapo nakiri besi ilitufaa. Wapiga vyombo wa kwaya wasio na ethi wasifanye mzaha: mkono ukiwa kwenye nyuzi na mdomo ukagusa maikrofoni ya mtambo mwingine, shoti inaweza kupita mwilini, na wapo waliopata ajali mbaya kwa njia hiyo.

Basi tukafika Julai, harusi ya mdogo wangu, Newala.

Newala imeshazoea wageni wanaopanda na mitambo ya sauti. Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na fonografu, akawaimbisha wazee wetu kwenye mitungi ya nta, akaondoka nayo. Mume wangu alipanda na besi, amplifaya na mimi. Julai kule juu ni upepo na baridi kavu. Ukisimama Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma unashika kanga yako kwa mikono miwili. Mbao nazo zinaisikia hiyo hewa. Gita lilitengenezwa sawa wakati wa mvua Masasi, mbao ikiwa imevimba kidogo. Kule juu likakauka, shingo ikanyooka kupita kiasi, na nyuzi zikawa zinagonga vyuma vya mishiko ya mwanzo. *Zzz, zzz*. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma yenye nati. Dawa ni kuilegeza robo mzunguko, ungoje, usikilize, ili nyuzi ziivute shingo ipate upinde kidogo. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, karibu na gunia la korosho lililojaa, na ile fimbo ndiyo inayobishana nalo. Baba watoto aliilegeza, mlio ukapona. Angeishia hapo.

Lakini sauti, akasema, imekufa. Nyuzi zimechoka. Uzi wa besi ni waya uliozungushiwa waya mwingine, na katikati ya mizunguko hiyo hujaa jasho, mafuta na ngozi ya vidole mpaka uzi unaacha kung'aa kwa sauti. Nyuzi mpya hazipatikani Newala, na seti moja Dar si bei ya mchezo. Wapiga besi wa dunia nzima wana ujanja wao: unazichemsha. Dakika kumi hivi, uchafu unaachia, unazikausha vizuri zisipate kutu, na kwa wiki moja au mbili zinalia tena.

Sasa msomaji asiye wa huku anisikilize. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Hata kumkazia macho hamkazii. Na maji ya Newala si ya kuchezea: ardhi ya juu ni mchanga unaokunywa mvua yote, chemchemi ziko chini ya mteremko, na mama yangu ni wa kizazi kilichoshuka bondeni alfajiri na kupanda na maji kichwani. Bomba lipo siku hizi, likitaka. Mwezi wa saba tangi la mvua uani linakaribia kukwaruza, na ndoo inanunuliwa.

Usiku wa kuamkia harusi, wanawake tuko nje tunachambua mchele, huyu bwana akaingia jikoni, akachukua sufuria kubwa ya wali, akamimina maji ya ndoo nzima, akatumbukiza nyuzi nne zilizoviringwa na kuweka kifuniko juu. Akatoka kwenda kutafuta kitambaa kikavu. Mama akaingia kuangalia moto. Akakuta sufuria inachemka, hakumbuki kuibandika. Akafunua. Kwa mwanga wa kibatari aliona kitu cha mviringo, chenye mikunjo, kinapinduka pinduka kwenye mvuke, akachukua mwiko, akakiinua juu.

"Nani kapika matumbo bila kuyaosha?"

Tulikimbilia sote. Uzi wa E ulikuwa unaning'inia kwenye mwiko, unadondosha maji ya rangi ambayo sitaieleza. Baba watoto akatokea mlangoni na kitambaa chake, akasimama, akatazama chini. Mama hakumwambia neno. Alimgeukia mwanangu mdogo.

"Mjukuu wangu, muulize baba yako, hii ndiyo mikorosho yangu?"

"Baba, bibi anauliza hii ndiyo mikorosho yake?"

"Mwambie bibi shikamoo."

Jibu gani hilo! Lakini hata mimi sijapata lililo bora.

Asubuhi ikaleta jingine. Mwanzo wa shingo ya gita kuna kijipande chembamba chenye mifereji minne kinachopokea nyuzi. Mara nyingi kinashikwa na tone la gundi na mkazo wa nyuzi zenyewe. Nyuzi zilipotolewa zote, gundi ikaachia, kikaanguka uani. Alfajiri mwali wa jirani akafagia uwanja wote kwa ajili ya wageni, kama alivyotumwa, na takataka zikachomwa. Kilikuwa cha plastiki. Ibada saa nne.

Hapo ndipo aliitwa mjomba. Kwetu mjomba ndiye mahakama, na huyu wetu ni mchonga vinyago. Alisikiliza kesi zote mbili, ya sufuria na ya plastiki, akaanza na ile inayotengenezeka. Mtu akapendekeza mfupa wa ng'ombe, maana supu ilikuwa motoni na ni kweli magita mengi yana mfupa mahali pale. Mjomba akakataa: mfupa uliotoka kwenye supu umejaa mafuta, unahitaji kutolewa mafuta na kukaushwa kwanza. Akachukua kibanzi cha mpingo, mti ambao ukiutupa majini unazama. Akaukata, akausugua juu ya jiwe mpaka ukaingia kwenye nafasi yake bila kutikisika. Alama za nyuzi za zamani zilikuwa bado zinaonekana kwenye mbao, akazifuata. Mfereji wa uzi mwembamba aliukata kwa bapa mbili za msumeno wa chuma zilizofungwa pamoja, ule mnene, wa karibu milimita 3, kwa tupa ya duara. Kila baada ya kusugua kidogo anaweka uzi, anaupiga, anatega sikio. Ukichimba mno uzi unalala chini na kugonga chuma cha kwanza. Ukichimba pungufu unaumiza vidole na noti zinapanda. Alichimba mpaka nusu ya unene wa uzi ikabaki juu. Baba watoto alikuwa amechuchumaa pembeni anamwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake usiku alisahau kuwa na aibu.

Kesi ya sufuria ilikatwa kwa sentensi moja: sufuria mpya ya ukubwa ule ule, ndoo mbili za maji, jogoo, na msimu ujao mabati kwanza.

Harusini besi ililia. Nasema kweli, sijawahi kuisikia ikiwa safi hivyo. Hata mama, aliyekaa mbele makusudi, alikuwa anatikisa kisigino. Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini, besi ikafa papo hapo, na wazee wakazipasha ngoma za sindimba motoni na kuendelea bila kutuuliza.

Kile kipande cha mpingo bado kipo mahali pake na nadhani kitadumu kuliko gita. Nyuzi zimeshakufa tena, kama ilivyotarajiwa, na kuchemsha kumepigwa marufuku nyumba zote mbili. Kwa hiyo wewe unayesoma hapo Dar na una safari ya Masasi: tuletee seti moja ya nyuzi za besi, nyuzi nne, za skeli ndefu ya inchi 34. Fedha utapewa hapa hapa stendi, na mimi ndiye nitakayekupa, maana siku hizi benki nakwenda mwenyewe.