Tanki la Lita Elfu Tano

Jumapili moja ya Desemba 2024, baada ya ibada, tulikusanyika nyuma ya nyumba ya dada hapa Ihumwa, Dodoma, kuona maji yakipanda tankini kwa mara ya kwanza. Mama aliketi kwenye kigoda chini ya mwarobaini. Kaka alisimama kwenye swichi ya pampu. Mtoto wa dada, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amejibanza chini ya mnara wa matofali akisikiliza maji yanavyonguruma juu ya kichwa chake. Mimi nilishika simu, na ndani ya simu alikuwamo dada mwenyewe, aliyekuwa Muscat, Oman, amevaa aproni, jikoni kwa watu.

Tanki ni la lita 5,000. Likijaa, ni tani tano za maji. Mnara ulikuwa wa mita tatu, tofali za sementi tupu.

"Niitie mwanangu," dada akasema. "Nataka nione hilo jino lililoota."

Nikamwita. Akaja mbio, mdomo wazi tayari kuonyesha jino. Alikuwa hajanifikia nilipousikia mlio, wala haukuwa mkubwa, kama bua la mtama linapovunjwa gotini. Mnara ukainama upande wa jiko taratibu, kisha vyote vikaenda kwa pamoja: tanki, matofali, mabomba, paa la jiko. Maji yalitupiga magotini. Simu ilinitoka mkononi, na kitu cha mwisho dada alichokiona ni mbingu, na alichokisikia ni mama akipiga yowe na kulitaja jina la mtoto. Kioo kilikuwa kimepasuka. Simu ya kaka ni ya kitochi na haikuwa na salio la kupiga nje. Mpaka alipokimbia barabarani kuazima nyingine, dakika ishirini zilikuwa zimepita, na dada alizikaa sakafuni mwa jiko lile akiamini mwanawe amefukiwa.

Mtoto hakupata hata mchubuko. Aliyemtoa chini ya mnara ni mama yake, kutoka ng'ambo ya bahari, kwa kutaka kuona jino.

Nimeona niiandike habari hii kwa sababu tangu siku ile naulizwa, sokoni na kanisani, kama kwenda nje bado kuna faida katika hali hii ngumu. Siwezi kujibu bila kusimulia jinsi mnara ule ulivyokosa nondo.

Dada aliondoka 2019, mwaka ule ule Mji wa Serikali ulipozinduliwa Mtumba, jirani zetu kabisa. Wakati huo alikuwa anakaanga maandazi kando ya barabara ya Morogoro, na wanunuzi walikuwa madereva wa malori na sisi wenyewe. Eneo letu lilikuwa shamba la mtama na uwele la marehemu baba. Lilipopimwa likawa viwanja, na sisi tukaambiwa tulipie upimaji na tujenge. Tujenge kwa fedha gani? Akatokea mtu wa kuwapeleka wasichana Oman kufanya kazi za ndani. Dada alikuwa na mtoto wa miaka sita na hakuwa na mume. Alimwacha kwangu, akapanda basi, likamchukua kutwa nzima kufika Dar es Salaam.

Mshahara ulikuwa rial 90 kwa mwezi. Alikuwa akijibakizia kumi na kutuma themanini. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola, rial moja kwa dola 2.60, tangu miaka ya themanini, kwa hiyo kilichotufikia kilitegemea shilingi yetu tu. Mwaka 2019 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, na rial themanini zikawa kama laki nne na elfu themanini kabla ya makato. Kwa nyumba iliyozoea faida ya maandazi, zile zilikuwa fedha nyingi sana. Mimi nikanunua daftari kubwa, jalada gumu, nikaanza kuandika: mchanga tripu mbili, saruji mifuko ishirini, fundi, saidia fundi, maji ya kumwagilia msingi.

Msingi tukaumaliza 2020. Mwaka uliofuata alikuwa arudi likizo baada ya mkataba wa kwanza, lakini Februari 2021, kwa ajili ya korona, Oman iliwafungia milango wasafiri kutoka Tanzania na nchi nyingine kadhaa. Angekuja asingerudi kazini. Akabaki. Likizo ile haikuja tena, kila mwaka ukiwa na sababu yake: kuta, lenta, kenchi, bati. Nyumba ilikuwa inapanda na mtoto anapanda, na vyote viwili dada aliviona kwenye kioo cha simu.

Kule dada alikuwa akimtumikia bibi mzee, mzaliwa wa Unguja, aliyeondoka baada ya mapinduzi ya 1964. Walizungumza Kiswahili. Bibi alikuwa akimwomba ampikie mchuzi wa nazi, na mara nyingi alimwambia kwamba alipopanda chombo hakupanga kukaa. Alidhani ni miezi michache. Dada alitusimulia hayo akicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuhesabu miaka.

Kisima tulichimba 2024. Mji wa Dodoma tangu zamani unakunywa visima vya Mzakwe, kule bonde la Makutupora, na bomba lilikuwa halijafika mtaani kwetu. Tulinunua maji kwa dumu, yanaletwa na guta. Wachimbaji wanalipwa kwa mita. Walikwenda mita tisini. Maji yakatoka kwa nguvu, tukaimba, mama akaonja kwanza kama mkubwa wa nyumba, akatema. Ya chumvi. Ukitia maziwa chai inakatika, ukifua sabuni haitoi povu. Wenyeji wa ukanda huu tunajua kwamba chini ya miguu yetu maji matamu na maji ya chumvi yanaishi jirani, na asiyepima kwanza anabahatisha. Hatukupima. Dada tulimwambia maji yamepatikana. Ladha yake hatukumwambia.

Hapo ndipo uongo ulipoanzia, na ninauandika kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Oktoba mwaka huo mama alilazwa siku sita, presha. Shilingi 420,000 za nondo na ringi za mnara wa tanki zilikuwa mkononi mwangu. Tukakaa mimi na kaka usiku, tukakubaliana kutomwambia dada, maana angeomba ruhusa ya kuja, asingepewa, na angelia peke yake usiku wa manane. Fedha za nondo zikalipia wodi na dawa. Kwenye daftari nikaandika "nondo". Fundi nikamwambia ajenge hivyo hivyo, tutaimarisha baadaye. Yeye alinionya. Alisema, "Dada, mnara huu ni wa tanki tupu." Nikamjibu kwamba tutalijaza nusu tu. Siku ilipofika, kwa furaha ya kuonyesha, hakuna aliyekumbuka nusu.

Usiku ule wa Jumapili, baada ya simu kurudi na kilio kuisha, nilimweleza dada kila kitu. Chumvi, wodi, nondo. Nilidhani atanitukana, na alikuwa na haki. Alinyamaza muda mrefu, kisha naye akafungua yake. Bibi alikuwa amefariki tangu Septemba. Watoto wa bibi walikuwa hawajaelewana nani ailipie nyumba na nani amlipe mtumishi, na mshahara ulikuwa haujaingia miezi mitatu. Fedha alizotuma Oktoba, Novemba na Desemba alikopa kwa wenzake, Mkenya mmoja na Mganda mmoja wa mtaa ule. Hakutaka ujenzi usimame. Hakutaka mama apate presha.

Mama, aliyekuwa anasikiliza pembeni, akasema, "Kumbe nilipona kwa deni la watu nisiowajua."

Pasipoti ya dada ilikuwa kabatini kwa mwajiri. Ni kweli Januari 2021 Oman iliondoa sharti la mfanyakazi mgeni kupata barua ya mwajiri wa zamani ndipo ahamie kwa mwingine, na watu wengi walifarijika. Lakini wakati huo sheria ya kazi ya kule haikuwahesabu watumishi wa ndani. Aliyefagia ofisi alikuwa na sheria. Aliyefagia sebule alitegemea moyo wa mwenye sebule. Bibi alikuwa na moyo. Bibi alikuwa amekufa.

Wiki ile tulipiga hesabu ya miaka yote, yeye na karatasi yake, mimi na daftari, kwa simu ya kuazima. Jambo lililotuumiza lilikuwa dogo na la wazi, na sijui kwa nini tulichelewa kuliona. Kati ya Oktoba na Desemba shilingi iliimarika, dola ikashuka kutoka karibu 2,700 hadi kama 2,400. Rial themanini zilizokuwa laki tano na sitini zikawa hazifiki laki tano. Mifuko mitatu ya saruji ilipotea hewani bila mtu kuiba. Kwa nchi ni habari njema, na mimi naifurahia nchi yangu, lakini kwa dada ilikuwa kukatwa mshahara. Ukilinganisha na 2019, baada ya miaka mitano na nusu kazi yake ilikuwa inaleta nyumbani karibu kile kile, elfu ishirini zaidi.

Na Ihumwa haikumsubiri. Wizara zimehamia Mtumba. Reli ya kisasa imepita hapa, ikiwa na bandari kavu yake, na barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 imetuzungushia mji. Kiwanja, fundi, kodi ya chumba, sahani ya wali, vyote vimepanda. Dada alikwenda mbali ili apate uwezo wa kuishi Ihumwa, na alipokuwa mbali Ihumwa ilimkimbia. Rial themanini zilizonunua msingi mzima kwa miezi michache, sasa haziwezi kurudisha paa la jiko: bati nane, kenchi mbili, ukuta hadi lenta.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaoniuliza ni hili. Miaka minne ya kwanza ilitufaa. Bila hiyo kiwanja cha baba kingeuzwa. Mwaka wa tano alikuwa analipia kutorudi. Najua wapo wauguzi na wahandisi ambao nje bado inawalipa vizuri, wana mikataba na likizo, wanachukua familia. Siwasemei. Ninamsemea mtu wa rial 90.

Mshahara wa miezi mitatu ulilipwa, wenzake wakarudishiwa deni, na pasipoti ikatoka, kwa msaada wa binti mdogo wa marehemu bibi, Mungu amjalie. Dada alirudi 2025. Kutoka Dar es Salaam alipanda treni ya umeme, nauli 31,000 daraja la kawaida, akawa Dodoma kwa muda ambao zamani basi lingekuwa halijamaliza nusu ya safari. Aliniambia alipobandika uso dirishani treni ikipita upande wetu, alijaribu kulitambua bati lake kati ya mabati mengi, akashindwa. Alipoondoka nyumba zilikuwa za kuhesabu.

Stesheni, mtoto alimpa mkono. "Shikamoo mama." Akabaki amesimama palepale, kama anayemsalimia mwalimu. Dada akaitikia marahaba, akamshika kichwa, akamfungua mdomo kwa vidole akalitazama lile jino. Wakalia wote wawili. Hili sikuliingiza kwenye hesabu yoyote, na sijui lingeandikwa upande gani wa daftari.

Sasa dada ni mama lishe. Anapika ugali wa uwele na mlenda, wali na maharage, kwa mafundi na madereva. Siku nzuri anabakiwa na elfu ishirini hadi ishirini na tano. Siku za mvua ujenzi ukisimama hafikishi elfu nane, na Januari nzima ililazimu tukope. Nyumba haina dari. Jiko tumeliezeka upya. Tanki liliokotwa lina ufa, tukanunua la lita 2,000 na kuliweka chini, juu ya zege, kwa maji ya kufulia na kumwagilia tofali za jirani. Tunachota kwa ndoo.

Mwaka ule ule aliorudi, binti wa jirani alimjia dada, amepata nafasi Muscat. Nilitaka dada amkataze. Hakumkataza. Alimwambia mkataba upite kwenye huduma za ajira za serikali, TaESA, nakala ya pasipoti iachwe nyumbani, namba ya ubalozi wetu kule aikariri kichwani asiitegemee simu, na aseme tangu leo atarudi lini. "Usiseme nikimaliza nyumba," alimwambia. "Nyumba haiishi. Taja mwezi."

Binti ameondoka. Mama yake alikuja kwangu kuniomba nimfundishe kutunza daftari, nikamfundisha. Safu ya kwanza kila ukurasa si saruji wala mchanga. Ni tarehe ambayo mwanawe amelipwa, kwa kauli yake mwenyewe, kabla hajatuma kitu.