Elimu ya Mapengo: Jaribio la Kuyaainisha

Madaktari wa meno huyapanga mapengo kwa kufuata ramani ya kinywa: juu au chini, kulia au kushoto. Mpango huo unawafaa wenye koleo mkononi, lakini haujibu swali kuu la taaluma yetu. Kwa nini mtu mwenye mapengo matatu ya magego hana habari, ilhali aliyepoteza jino moja la mbele hataki hata kutoka nje? Kwa hiyo tunapendekeza kigezo kipya: pengo linaonwa na nani.

Kundi la kwanza ni mapengo halali. Mtoto wa miaka sita, ambaye jino lake limerushwa juu ya paa, hucheka kinywa wazi bila kuombwa radhi wala kuomba. Humu wamo pia wazee wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini, na Wamasai waliotolewa mawili ya kati. Kwa wazee hao, mwenye meno yote ndiye aliyekuwa na la kueleza.

Kundi la pili ni pengo la mbele lisilotarajiwa. Chanzo chake kwa kawaida ni bodaboda, chupa ya soda iliyofunguliwa kwa meno, au ugomvi. Mwenyewe husema aliteleza bafuni. Dalili yake kuu ni kiganja kupanda mdomoni kila penye kichekesho, au upindo wa kanga kwa wanawake wa pwani. Tunakitambua kiganja kuwa kizibo cha kale kuliko vyote: hakina gharama, hakihitaji ganzi. Udhaifu wake hujitokeza mezani, mkono unapotakiwa kwenye sahani.

Kundi la tatu ndilo lenye watu wengi na wasomi wachache: pengo la gego, ambalo huonekana mwenyewe anapopiga miayo tu. Hapa kigezo chetu kinapata mpinzani, naye ni mfupa wa taya. Mfupa huo huishi kwa kazi ya kushika mizizi. Mzizi ukiondoka huanza kusinyaa, zaidi katika mwaka wa kwanza. Meno jirani huinamia palipo wazi, na la upande wa pili wa taya hurefuka likitafuta mwenzake. Yote hayo hutokea bila shahidi, kwa mtu anayetafuna upande mmoja na kusema hana tatizo.

Tukija kwenye vizibo, swali ni moja: jino la bandia hulala wapi?

Lipo linalolala kwenye glasi ya maji. Siku hizi hutengenezwa kwa plastiki ngumu, lakini ukoo wake una historia nzito. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja. Hadithi kwamba meno yake ya bandia yalikuwa ya mbao si kweli. Yalichongwa kwa meno ya kiboko na kuchanganywa na meno ya binadamu. Daftari lake la mwaka 1784 linaonyesha fedha walizolipwa watu weusi kwa meno tisa. Mapengo ya watu hao, taaluma haikuyaandikia mstari.

Lipo linalolala kwa jirani, nalo huitwa daraja. Meno mawili ya kando, mara nyingi mazima kabisa, huchongwa yakapunguzwa ili yambebe mgeni katikati. Ni suluhisho zuri na la haraka, ila majirani hawakuulizwa.

La tatu lina kwake, nalo huitwa kipandikizi. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, alikuwa akichunguza mwendo wa damu katika mfupa wa sungura kwa kifaa cha titaniamu. Alipotaka kukitoa alikuta mfupa umekishika. Mwaka 1965 alimpandikizia Gösta Larsson skrubu za madini hayo tayani, naye alizitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Utaratibu bado ni ule ule: skrubu huingizwa mfupani, hungojwa miezi mitatu hadi sita mfupa uikumbatie, kisha huvishwa taji la kauri. Kasoro yake ni ya kitabia. Kwa kuwa titaniamu haiozi, wapo wanaostaafisha mswaki, mpaka ufizi uvimbe, mfupa wa pembeni uliwe, na kipandikizi cha bei ya pikipiki kianze kucheza.

Limebaki jino la dhahabu lililovishwa juu ya jino zima. Halizibi pengo lolote, halina dalili ya kiganja, na mwenyewe huchekea hata yasiyochekesha ili lionekane. Tumelijaribu katika kila kundi likakataa. Kwa sasa limewekwa nje ya jedwali.