Sifa za Mpango Usiokwisha

Mpango wa kuvuka Mlima Kenya na marafiki ni shughuli ya miezi mingi inayofanywa bila kupanda mlima. Huko Otonglo, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, hufanyiwa kibandani mbele ya chai ya maziwa, kisha huendelea usiku kwenye kundi la WhatsApp. Wasioujua huulaumu kuwa huchelewesha safari. Ukipimwa kwa haki, una manufaa kuliko safari yenyewe.

Manufaa ya kwanza ni elimu. Njia inayopendwa hupandia lango la Sirimon na kushukia Chogoria. Usiku wa kwanza hulalwa kambi ya Old Moses, mita 3,300. Wa pili Shipton, mita 4,200. Kabla ya alfajiri hupandwa kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha huteremkwa kwa Bonde la Gorges juu ya Ziwa Michaelson. Mtu aliyekulia ufukweni mwa ziwa pale Kisumu, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, huyajua haya yote kwa moyo bila kuinuka kitini.

Ya pili ni afya. Wataalamu hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Anayepuuza hilo huumwa kichwa, hutapika, na akizidiwa hujaa maji mapafuni. Kwa hiyo huongezwa siku moja ya kuzoea hewa, na siku hiyo hurudisha mjadala mwanzo, maana Sheria ya Ajira ya 2007 humhakikishia mwajiriwa siku 21 tu za likizo kwa mwaka, na nyingi zimeshaliwa na matanga. Hata hivyo, hakuna aliyejaa maji mapafuni kwa kujadili tarehe.

Tarehe zenyewe hufundisha subira. Machi hadi Mei ni masika; Oktoba hadi Desemba ni vuli. Hubaki Januari, lakini Januari ni karo. Februari, lakini mifuko haijapona. Na Agosti, lakini watoto wako nyumbani. Mpango hauvunjiki kwa hilo. Huhamia mwaka ujao ukiwa mzima.

Katika uchumi, mpango hauna mfano. Mweka hazina hutangaza nambari ya M-Pesa, na majibu humiminika: “Pamoja!” “Omera, nitatuma mwisho wa mwezi.” Ahadi haikatwi ada ya kutuma wala ya kutolea, na fedha husalia kwa mwenyewe, mahali salama kuliko pote.

Vifaa navyo huchangamsha soko. Kwenye mitumba ya Kibuye, Kisumu, hupatikana jaketi nene zilizoshonewa watelezaji wa theluji wa Ulaya, zenye kijifuko cha zipu kwenye mkono wa kushoto cha kuwekea tiketi ya kupandia mlimani. Mwanachama hununua moja kwa ajili ya Lenana, na kwa kuwa Lenana bado iko mbali, huivaa akiendesha bodaboda asubuhi ya mvua. Kijifukoni hukaa chenji.

Mwisho ni uungwana. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Mkenya Philip Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, katika mbio za kilomita 10 za theluji, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamngoja kwenye mstari ili ampongeze. Dunia ilistaajabu. Mpango wa Otonglo umeupita uungwana huo: humngoja wa mwisho kabla wa kwanza hajaanza.

Kasoro yake ni moja. Mara chache hutokea watu watatu wakalipa kwa wakati, wakaomba likizo tarehe moja, wakapanda gari la Nakuru na kuelekea Nanyuki. Hao huuharibu mpango kwa kuutimiza. Waliobaki huwatumia pongezi, hubadilisha jina la kundi, na kuanza kupanga Mlima Elgon.