Chombo ni Chombo

Leipzig, Desemba

Kwako mke wangu wa kwanza na wa pekee, Bibi, Ras Kisimani, Mafia.

Mimi mumeo huku sijambo, ila baridi. Hofu na mashaka ni juu yako wewe, Mjomba, na yule mbuzi wako asiye na adabu. Naomba barua hii akusomee binti Shangazi, na aisome yote, asiruke neno.

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Mume wangu, hiyo kazi yako ya kupiga, ukiwa hupigi unafanya nini?" Kabla sijajibu mtandao ukakatika. Najua ulishuka kutoka kwenye kile kichuguu cha mtandao kumfukuza mbuzi. Basi nakujibu kwa maandishi.

Bibi, mimi ni deiwaka. Ulipokwenda Mbagala kutibiwa macho, uliwaona vijana wanaoshinda kituoni wakisubiri dereva mwenye gari aumwe tumbo, ili nao washike usukani nusu siku? Ndiyo mimi. Ujerumani ina okestra zaidi ya 100 zenye waajiriwa wa kudumu, watu wa mshahara, likizo na pensheni. Mimi nasubiri mmoja wao ashikwe na mafua. Kila siku nawaombea wote afya njema. Ikifika Novemba, Mungu anisamehe, naomba kwa sauti ya chini.

Na kondakta tunaye. Huyu hakusanyi nauli wala haning'inii mlangoni. Anasimama mbele, kawapa abiria mgongo, mkononi ana kijiti kimoja, hatoi sauti hata ya kukohoa, na ndiye anayelipwa kuliko sisi sote. Wewe hutashangaa, maana nahodha naye hashiki kasia.

Chombo changu ni vayola. Mjomba anawaambia watu napiga fidla, mwache, lakini wewe mke wangu ujue ukweli. Vayola ni dada mkubwa wa fidla, mnene kidogo, sauti ya mtu aliyetoka usingizini. Fidla ndizo zinazoimba, watu wakalia. Sello inaguna chini, watu wakalia tena. Vayola iko katikati, na hakuna aliyewahi kulia. Ni kama yule anayefua maji ngamani: abiria hawajui kama yumo, mpaka aache. Ndiyo maana tunataniwa. Ni utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, ila sisi zamu ya kujibu hatujapewa.

Upinde wake una singa za mkia wa farasi. Singa hizo zinapakwa ulimbo wa msonobari, maana singa kavu ikipita juu ya uzi haishiki kitu, inateleza tu. Ndiyo, Bibi, ulimbo, kama ule tuliotegea ndege, na mimi nao unaninasa vidole. Nyuzi za kale, ambazo bado wengine wanazitumia kwa muziki wa zamani, ni za utumbo wa kondoo. Najua utauliza nyama inakwenda wapi. Nimewauliza, hawajui. Bei ya seti moja ya nyuzi sikutajii kwa sababu ya presha yako.

Sasa, nikiwa sipigi. Nafanya mazoezi ili siku nikiitwa niwe tayari. Jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio, na kinachoniudhi si kugonga, ni kwamba anatoka nje ya mdundo. Nafundisha watoto wawili ambao hawataki kufundishwa. Halafu napanda treni kwenda kwenye usaili. Usaili wa huku, raundi ya kwanza mara nyingi ni nyuma ya pazia, majaji wasikuone sura. Mpaka hapo mimi na Mjerumani tuko sawa kabisa. Wapiga vayola tunaulizwa yale yale miaka yote: Stamitz au Hoffmeister, mabwana wawili wa karne ya 18. Huyo Stamitz nimempiga mpaka nahisi tuna undugu. Mwezi wa kumi nilisafiri kwa saa tano kwenda mji mmoja wa kaskazini, nikapiga dakika mbili, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Asante." Nikafurahi. Mhudumu akanishika bega taratibu akanionyesha mlango. Asante ya huku, Bibi, ndiyo "hodi" ya kutokea.

Jambo ambalo sijalizoea ni watu wenyewe. Nilipokuwa najifunza Unguja, pale Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, katika jengo la Forodha ya zamani Mizingani, jioni tulikuwa tukipiga taarab. Mama akiguswa na wimbo ananyanyuka, anakuja anacheza polepole, anakutunza noti mbele za watu, na aliyekusudiwa na maneno ya wimbo anajijua. Huku watu 1,000 wanakaa kimya kama wanasubiri maiti itolewe. Wakitaka kukohoa wanabana hadi wimbo usimame, halafu wanakohoa wote kwa pamoja, kisha tunaendelea. Ukipiga makofi pasipo mahali pake wanakugeukia. Kutunza ndiyo usiseme. Nimepiga huku miaka sita na hakuna aliyenibandika hata senti kwenye paji la uso.

Desemba, hata hivyo, ndiyo kaskazi yetu, ndipo vyombo vyote vinapotweka. Kila kanisa linataka Oratorio ya Krismasi ya Bach. Bwana huyo aliishi mji huu huu, na kazi hiyo ilisikika hapa kwa mara ya kwanza kati ya tarehe 25 Desemba 1734 na tarehe 6 Januari 1735. Mwezi huu nimeipiga mara tisa. Usinichukie, sala zangu ziko palepale, lakini kwa kukaa kanisani nimewapita wachungaji wawili. Nyuma yangu wanakaa wapuliza oboe, na oboe hizo, Bibi, ni za mpingo, mti wa upande wetu wa Kilwa na Lindi. Tuko wawili wa pwani humo ndani. Mpingo kaajiriwa, mimi deiwaka.

Na sasa lile la Mjomba.

Unakumbuka nilipokuja Julai, wakati huku majumba ya muziki yamefungwa na huko kusi inavuma. Tukavuka kutoka Nyamisati na mawimbi yale, nikiwa nimeikumbatia vayola kama mtoto mchanga. Mbao zake zimeshikwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo hulegea kwenye unyevu. Ni kwa makusudi, ili fundi aweze kuifungua bila kuivunja. Usiku wa tatu ikaachia ubavuni, ufa wa urefu wa kidole. Nikaiweka juu ya kabati, nikalala na huzuni yangu.

Mjomba hakulala. Alfajiri nikaikuta imekalafatiwa. Pamba imesokotwa vizuri, imechovywa mafuta ya nazi, imeshindiliwa kwa patasi ufa mzima, na juu yake kapaka sifa. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila kuacha kupiga mswaki: "Chombo ni chombo. Hiki hakitavuja."

Bibi, ulinihadithia mji wa Kisimani ulivyozama: mfalme alimkata mkono fundi aliyemjengea jumba, asije akamjengea mwingine, na bahari ikaja kudai mji mzima. Kwa hiyo asubuhi ile, japo hasira zilinipanda hadi utosini, mkono wa Mjomba sikuugusa.

Niliondoka Mafia kutafuta sifa duniani, nikarudi nayo Ujerumani, ya papa. Kwenye baridi hainuki. Lakini kanisa likijaa watu na kupata joto, sehemu ya pili ya Bach, ile ya wachungaji na kondoo wao usiku, harufu inaanza kupanda taratibu. Ninayekaa naye amebadilisha kiti. Kondakta alisimamisha mazoezi akauliza kama kuna mtu ana chakula cha mchana kwenye sanduku la chombo. Wote wakawatazama wapiga vayola.

Hatimaye nimeipeleka kwa fundi mzee wa hapa. Akavaa miwani, akaitoa ile pamba kwa koleo, uzi mmoja mrefu usiokatika, akaunyoosha juu ya meza. Akakaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kilichotumika kushindilia ni patasi ya upana gani. Nimemwambia sijui, nitauliza nyumbani.

Kwa hiyo mwulize Mjomba, anijibu haraka. Fundi anasema Julai tukija wote wawili atabeba patasi zake, na gundi yake. Waandalieni chai, yeye na Mjomba. Vayola italala chumbani kwako, mlango ukomewe.

Ni mimi mumeo.